Mtu Asiyetoa Sauti

Watu wakaao ufukoni mwa Ziwa huko Musoma wamezoea kuona jambo hili. Mtumbwi mzito u majini, na wavuvi wataka kuupandisha mchangani. Watu 10 wanaushika, kila mmoja na nguvu zake. Lakini wakivuta kila mtu kwa wakati wake, mtumbwi hausogei hata shubiri moja. Ndipo mmoja huinua sauti akaita, na wenziwe wakaitikia. Na pale wanapoitikia, mikono yote 20 huvuta pamoja, na mtumbwi ukapanda. Je, nguvu za watu wale zimeongezeka? La, nguvu ni zile zile. Kilichoongezeka ni kupatana kwa wakati. Wazee walisema kweli kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini hata vidole 10 havitafanya kitu visipokutana.

Somo letu la leo ni habari za watu ambao kazi yao ni hiyo ya kupatanisha wakati wa watu wengi. Hawavuti mtumbwi, bali huongoza muziki. Na jambo la kustaajabisha ni hili: katika kundi zima la wapigaji na waimbaji, mwongozaji ni mtu mmoja tu asiyetoa sauti yo yote. Hapigi ngoma, hapulizi zumari, haimbi. Amesimama mbele, ameshika kijiti chepesi, naye huipunga mikono yake hewani. Basi mtu akiuliza, "Huyu naye analipwa kwa kazi gani?" tutamjibu nini? Tusome, tuone.

Okestra ni nini?

Okestra ni kundi kubwa la watu wapigao ala za namna nyingi kwa pamoja. Okestra kubwa huwa na watu 80 hata 100. Mbele huketi wapiga fidla, na pamoja nao wenye fidla kubwa ziitwazo selo, ambazo mpigaji huziweka katikati ya magoti yake. Nyuma yao huketi wapuliza filimbi na mazumari. Nyuma kabisa ni wenye matarumbeta na ngoma. Mpango huu una maana yake. Sauti ya fidla moja ni ndogo, kwa hiyo fidla huwa nyingi na huwekwa mbele. Sauti ya tarumbeta ni kali, kwa hiyo matarumbeta huwa machache na hukaa nyuma.

Kila mpigaji ana karatasi ya nota mbele yake, lakini karatasi hiyo ina nota za ala yake tu. Mpiga ngoma haoni mwenye fidla anafanya nini, wala mwenye filimbi hajui tarumbeta litaingia lini. Mtu mmoja tu ndiye mwenye kitabu kilicho na nota za wote, mstari chini ya mstari, nacho kitabu hicho ni cha mwongozaji. Kabla ya kusimama mbele ya watu, yampasa akisome siku nyingi, hata ajue kila mmoja atafanya nini na kwa sababu gani.

Katika nchi yetu, wengi hawajapata kuona okestra, lakini kila mtoto ameona kwaya. Kwaya ni ndugu wa okestra. Ina sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na mwalimu wa kwaya ndiye mwongozaji wake. (Wenyeji wa Musoma watacheka hapa, maana Wakwaya ni kabila la kwao, wakaao karibu na mji. Majina hayo mawili yamefanana kwa bahati tu. Kwaya ya kuimba ni neno lililotoka katika Kiingereza, na Wakwaya walikuwa na jina lao kabla neno hilo halijafika.)

Kwa nini jicho, wala si sikio?

Pengine utasema, "Wapigaji wana masikio. Kwa nini wasisikilizane tu?" Katika kundi dogo hufanya hivyo, tena vizuri sana. Wakurya wa Tarime wana litungu, ala yenye nyuzi 8. Mpigaji hupiga na kuimba mwenyewe, na watu walio karibu naye huitikia pasipo mtu wa kupunga mikono. Unguja nako kuna makundi ya taarab ya siku nyingi: Ikhwani Safaa lililoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club lililoanzishwa mwaka 1958. Humo mna fidla, udi, ganuni na ngoma, na aghalabu mkuu wao huketi katikati ya wenzake akipiga ala yake, nao humfuata kwa sikio na kwa kumtupia jicho.

Lakini kundi likiwa kubwa, sikio hudanganya. Umepata kumtazama mtu apasuaye kuni ng'ambo ya bonde? Kwanza waona shoka likishuka; kisha, baada ya kitambo kidogo, ndipo wasikia mlio wake. Mwanga hufika mara moja, lakini sauti husafiri polepole, mita 340 hivi kwa sekunde moja. Sasa fikiri habari za uwanja wa shule yako asubuhi, wakati wa kuimba wimbo wa taifa. Mstari wa wanafunzi wenye urefu wa mita 34 huichukua sauti sehemu ya 10 ya sekunde kutoka kichwa hata mkia. Mtoto wa mwisho akimfuata mtoto wa kwanza kwa sikio, atachelewa kwa kadiri hiyo. Na wa kwanza akimsikia wa mwisho, ataona kana kwamba amechelewa mara mbili. Ndiyo maana wimbo huvutika kama ng'ombe watembeao njia nyembamba.

Mbele ya okestra huwa vivyo hivyo. Jukwaa likiwa na upana wa mita 20, sauti huchukua sekunde moja iliyogawanywa kwa 100, sehemu 6 hivi, kutoka upande mmoja hata wa pili. Waweza kusema kwamba ni kidogo mno. Lakini katika wimbo wa haraka mpigaji hupiga nota 8 kwa sekunde moja, na kila nota huchukua sehemu 12 na nusu tu. Kuchelewa sehemu 6 ni kuchelewa karibu nusu ya nota, na sikio la msikilizaji halikosi kutambua. Kwa hiyo wapigaji wote hutazama mkono mmoja. Mwanga hauwapunji walio mbali. Mkono ukishuka, wote wauona pamoja.

Kazi ya mikono miwili

Mkono wa kuume huonyesha mwendo. Wimbo ukiwa na mapigo 2, mkono hushuka, kisha hupanda. Ukiwa na mapigo 3, hushuka, huenda kuume, hupanda. Ukiwa na mapigo 4, hushuka, huenda kushoto, huenda kuume, hupanda. Jambo moja halibadiliki: pigo la kwanza hushuka daima. Hivyo hata mpigaji aliyepotea akiinua macho yake, ataona mkono ukishuka na kujua, "Hapa ndipo mwanzo."

Mkono wa kushoto una kazi nyingine. Kiganja kikielekea juu na kuinuka, maana yake ni, "Ongezeni sauti." Kikielekea chini, maana yake ni, "Pungueni." Kidole kikimwelekea mwenye zumari, maana yake ni, "Zamu yako imefika." Mtu aliyenyamaza mapigo 60 akingojea zamu yake huwa na hofu asije akakosea hesabu, mwongozaji akimtazama, hofu hiyo humwondoka.

Tena kuna ishara ndogo ambayo wageni hawaioni. Kabla ya pigo la kwanza, mwongozaji huinua mkono na kuvuta pumzi. Katika pumzi ile wapigaji husoma kila kitu: kama wimbo ni wa haraka au wa polepole, kama ni wa furaha au wa huzuni. Pumzi ikiwa mbaya, mwanzo nao huwa mbaya. Jaribuni darasani. Mmoja asimame mbele, na wengine wapige kofi moja kwa pamoja pasipo kuhesabu. Yule wa mbele akiushusha mkono wake ghafula, makofi yatatawanyika kama mahindi juu ya bati. Akiuinua kwanza kwa utaratibu, kana kwamba anavuta pumzi, kofi litakuwa moja.

Fimbo iliyoua

Zamani Ulaya hapakuwa na mtu wa kusimama mbele bila ala. Mmoja wa wapigaji aliongoza huku akipiga fidla yake au kinanda chake, kama wafanyavyo watu wa taarab. Wengine waliongoza kwa kugonga sakafu kwa fimbo.

Katika hao alikuwamo Jean-Baptiste Lully, mkuu wa muziki wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Mfalme alikuwa ameugua akapona, na mwezi wa Januari mwaka 1687 Lully aliongoza muziki wa kumshukuru Mungu. Akawa anagonga sakafu kwa fimbo nzito. Na katika kugonga, akajipiga mguu wake mwenyewe. Jeraha likaoza, na tarehe 22 Machi mwaka ule ule akafa. Methali yasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," lakini hapa mkuu mwenyewe ndiye aliyeumia mguu.

Miaka 100 na zaidi ikapita. Muziki ukazidi kuwa mgumu na makundi yakazidi kuwa makubwa, hata mtu mmoja hakuweza tena kupiga ala yake na kuwaongoza wenzake wote kwa wakati mmoja. Ndipo katika karne ya 19 desturi ikaenea ya mtu kusimama mbele na kijiti chepesi kisicho na mlio. Mmoja wa walioitia nguvu desturi hiyo alikuwa Felix Mendelssohn, aliyeanza kuongoza okestra ya Gewandhaus katika mji wa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1835. Toka hapo mwongozaji akawa mtu asiyetoa sauti.

Kiziwi wa Vienna

Sasa twafika penye kiini cha somo letu. Mtu aweza kudhani kwamba kazi ya mwongozaji ni kuamuru. Habari ya Ludwig van Beethoven yatuonyesha kwamba sivyo.

Beethoven alikuwa mtungaji mkuu wa muziki, lakini masikio yake yaliharibika kidogo kidogo hata akawa kiziwi. Tarehe 7 Mei mwaka 1824, katika mji wa Vienna, Simfonia yake ya Tisa ilipigwa kwa mara ya kwanza. Simfonia ni utungo mrefu wa okestra, na katika hii aliweka pia waimbaji. Alisimama jukwaani mbele ya watu, akigeuza kurasa na kupunga mikono kwa nguvu. Hapakuwa na mtu aliyeijua kazi ile kuliko yeye, kwa kuwa ilitoka katika moyo wake. Lakini wapigaji walikuwa wameambiwa mapema wasimtazame yeye, wamtazame Michael Umlauf aliyekuwa karibu naye. Umlauf ndiye aliyewaongoza kwa kweli.

Watu wakapiga makofi na kushangilia, naye Beethoven bado amewapa mgongo, hasikii lo lote. Yasimuliwa kwamba mwimbaji mmoja, Caroline Unger, alimshika akamgeuza taratibu, ili aone kwa macho shangwe asiyoweza kuisikia kwa masikio. Wengi waliokuwapo waliingiwa na huruma.

Angalia basi, msomaji. Beethoven alikuwa na heshima, alikuwa na elimu, na wimbo ulikuwa wake mwenyewe. Alikosa kitu kimoja tu, nacho ni kusikia. Na kwa sababu hiyo hakuweza kuongoza. Mwongozaji hupunga mikono ili wengine waone, lakini kazi yake iliyo kubwa ni kusikia. Katika watu 100, yampasa asikie kwamba fidla ya tatu imeshuka kidogo, kwamba besi wanakimbia, kwamba zumari limefunikwa na tarumbeta. Kisha arekebishe pasipo kusimamisha wimbo.

Walioitwa ghafula

Watu walipataje kuwa waongozaji wakuu? Wako waliosoma miaka mingi vyuoni. Lakini habari mbili zafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi.

Arturo Toscanini alizaliwa Parma, Italia, mwaka 1867. Mwaka 1886 alikwenda Amerika ya Kusini pamoja na kundi la waimbaji na wapigaji. Hakuwa mkuu, alikuwa mpiga selo tu, mwenye umri wa miaka 19. Katika mji wa Rio de Janeiro kundi likagombana na mwongozaji wake, naye akajitoa. Usiku ule walikuwa wapige Aida, yaani mchezo mrefu wa kuimbwa. Aliyewekwa badala yake alizomewa na watu waliojaa ukumbini. Hapo wenzake wakamsukuma yule kijana mbele, maana walijua kwamba ameihifadhi Aida yote moyoni. Akapanda, akaongoza toka mwanzo hata mwisho bila kutazama kitabu, na kelele za kuzomea zikageuka kuwa shangwe. Macho yake hayakuona vizuri. Ndiyo sababu alizoea kuweka nota zote kichwani. Toscanini aliongoza muziki kwa miaka 68, hata mwaka 1954. Hakukosa ila: alikuwa mwepesi wa hasira, akiwapigia wapigaji kelele na kuvunja vijiti. Lakini hapakuwa na aliyesema kwamba hasikii.

Habari ya pili ni ya Leonard Bernstein wa Marekani. Mwaka 1943 alikuwa na miaka 25, naye alikuwa msaidizi tu wa mwongozaji wa okestra kubwa ya New York. Kazi ya msaidizi ni kuzisoma nota zote za kila wiki, ingawa huenda asiitwe kamwe. Tarehe 14 Novemba aliamshwa asubuhi akaambiwa kwamba Bruno Walter, aliyekuwa aongoze siku ile, ni mgonjwa. Hapakuwa na nafasi ya kufanya mazoezi. Alasiri akasimama mbele ya okestra, na redio ikaipeleka sauti nchi nzima. Akafaulu, na mwaka 1958 akawa mkuu wa okestra ile ile.

Watu husema, "Wale walikuwa na bahati." Lakini bahati ilipobisha hodi, iliwakuta wamekwisha kujifunza sehemu za wenzao, wala si sehemu zao peke yao.

Wengine walifungiwa mlango kwa sababu ya rangi yao au kwa kuwa ni wanawake. Rudolph Dunbar, mtu mweusi aliyezaliwa Guyana, aliongoza okestra maarufu ya Berlin mwezi wa Septemba mwaka 1945, miezi michache baada ya vita kwisha katika Ulaya. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuiongoza, katika mji ule ambao watawala wake walikuwa wamewafundisha watu kuwadharau weusi. Naye Marin Alsop, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1956, alimwona Bernstein akiongoza alipokuwa mtoto wa miaka 9, akatamani kazi ile. Mwalimu wake wa fidla akamwambia kwamba wasichana hawafanyi kazi hiyo. Mwaka 2007 akawa mkuu wa okestra ya Baltimore.

Mwalimu aliyesahauliwa

Sasa turudi kwetu. Ukifika Butiama, alikozaliwa Julius Nyerere mwaka 1922, utawasikia watoto wa shule wakiimba Mungu Ibariki Afrika, kama wanavyoimba watoto wa Bunda, wa Musoma, na wa Tanzania yote. Je, wajua kwamba sauti ya wimbo huo ilitungwa na mwalimu wa kwaya?

Jina lake ni Enoch Sontonga. Alizaliwa Afrika ya Kusini yapata mwaka 1873. Alikuwa mwalimu katika shule ya misheni karibu na Johannesburg, akiongoza kwaya ya wanafunzi wake, na nyimbo alizowafundisha alizitunga mwenyewe. Aliziandika kwa do, re, mi, njia ile ile ambayo walimu wetu wengi wa kwaya huitumia hata leo ubaoni. Mwaka 1897 alitunga wimbo huo, na kwaya yake ikauimba. Tarehe 18 Aprili mwaka 1905 akafa, akiwa bado kijana. Hakuacha mali wala cheo.

Lakini wimbo haukufa. Kwaya nyingine ziliuchukua. Mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Tarehe 9 Desemba mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, sauti ile ya Sontonga, kwa maneno ya Kiswahili, ikawa wimbo wa taifa, na waziri mkuu siku ile alikuwa Nyerere wa Butiama. Zambia nayo iliichukua sauti hiyo mwaka 1964, na Afrika ya Kusini yenyewe huiimba katika wimbo wake wa taifa.

Na kaburi la mwalimu? Lilisahauliwa kwa miaka 90. Lilipotafutwa na kupatikana huko Johannesburg, serikali ililifanya kumbukumbu ya taifa mwaka 1996. Mamilioni ya watu walikuwa wameimba wimbo wake wasimjue. Ndivyo ilivyo kazi ya mwongozaji: huwapa wengine sauti, na yeye hunyamaza.

Rubani wa Kinshasa

Katika Afrika yetu wako waongozaji hata leo. Armand Diangienda wa Kinshasa, Kongo, alikuwa rubani wa ndege. Kazi hiyo ilipokwisha, alianzisha okestra mwaka 1994, naye mwenyewe hakuwa amefundishwa kuongoza. Fidla zilikuwa chache kuliko watu, ikabidi wapokezane: huyu ajifunze kidogo, ampe mwenzake. Uzi ulipokatika, walitafuta uzi wa breki ya baiskeli wakautia mahali pake. Mchana walikuwa wachuuzi, mafundi na vibarua. Jioni walikuja kujifunza. Hata wakaweza kuipiga ile Simfonia ya Tisa ya Beethoven, na watu wa Ulaya wakaja kuwatengenezea filamu, iliyotokea mwaka 2010.

Nairobi nako, katika mtaa wa Korogocho, penye jalala kubwa la mji, watoto walianza kufundishwa fidla na matarumbeta mwaka 2008. Kenya pia ina Okestra ya Vijana ya Taifa, ambayo Mkenya Levi Wataka ameiongoza.

Katika nchi za mbali vijana nao wanainuka. Gustavo Dudamel alizaliwa Venezuela mwaka 1981. Alipokuwa mtoto alipanga vitu vyake vya kuchezea sakafuni kama okestra, akapiga santuri na kuviongoza. Mwaka 2009, akiwa na miaka 28, alianza kuiongoza okestra ya Los Angeles. Klaus Mäkelä wa Finland, aliyezaliwa mwaka 1996, aliimba katika kwaya ya watoto, na huko ndiko alikomwona mwongozaji na kuitamani kazi hiyo. Mwaka 2020 akawa mkuu wa okestra ya Oslo, Norwe, akiwa na miaka 24.

Na wewe?

Tuseme shule yako iko Bunda, na kwaya yenu imealikwa kuimba Musoma siku ya sikukuu. Mmefanya mazoezi miezi miwili. Nguo zimefuliwa, gari limekuja. Na asubuhi ile mwalimu wenu ameshikwa na homa, hawezi kuinuka kitandani. Nani atasimama mbele?

Wenzako hawatamtafuta mwenye sauti kubwa kuliko wote, maana huyo huenda amejisikia mwenyewe tu siku zote. Wala hawatamtafuta apendaye kuamuru. Watamtafuta yule ambaye, sauti ya pili ilipokuwa ikifundishwa, hakuchezacheza kwa kuwa yeye ni sauti ya kwanza. Yule ajuaye mahali ambapo besi huchelewa, na mahali ambapo wadogo huishiwa na pumzi. Huyo akiinua mkono wake, watamwamini, maana wajua kwamba anawasikia.

Basi siku ya mazoezi, ukimaliza sehemu yako, usizibe masikio. Methali yetu yawaambia wadogo wasikie la mkuu. Nayo ni kweli. Lakini habari hizi zote zatufundisha kwamba mkuu naye hana budi kusikia, na pengine asikie kuliko wote.

Maswali

1. Kwa nini nguvu za wavuta mtumbwi hazitoshi wasipokuwa na mtu wa kuwapa wakati?
2. Eleza kwa nini wapigaji wa okestra kubwa humtazama mwongozaji kuliko kufuatana kwa sikio.
3. Pima urefu wa uwanja wa shule yako. Sauti itachukua muda gani kutoka upande mmoja hata wa pili?
4. Kwa nini wapigaji wa Vienna waliambiwa wasimfuate Beethoven?
5. Toscanini na Bernstein waliitwa ghafula. Walikuwa wamejiwekaje tayari?
6. Enoch Sontonga alifanya kazi gani, na kazi yake yahusianaje na shule yenu kila asubuhi?
7. Onyesha kwa mkono wako wa kuume mapigo 2, mapigo 3 na mapigo 4. Kisha waongoze wenzako katika wimbo mmoja.